Moshi Ulioshuka Bondeni kwa Maganga

Kwa dada yangu Mwanaisha, Mlingotini.

Shikamoo, dada. Naomba waraka huu ukukute na afya, pamoja na shemeji na watoto, na kifua cha Baba kiwe kimetulia tangu mvua zikatike. Mimi mwili hauna ubaya, namshukuru Mungu. Moyo ndio hauko salama. Nimeandika kwa herufi za Kiarabu tulizofunzwa chuoni ili usome mwenyewe, kisha Baba umwambie kwa namna unayoona itamfaa.

Kila mara mnaniuliza ni kazi gani hii ya kupima upepo. Huku bara tumepiga kambi katika pori la mbung'o, wale nzi wanaoua ng'ombe na kuwapa watu malale. Serikali inataka kuwamaliza kwa dawa inayonyunyizwa na eropleni. Lakini hewa ya karibu na ardhi haina adabu: jua likichoma, inapanda na kujizungusha kama maji yachemkayo chunguni, na dawa inatawanyika ovyo. Alfajiri hulala. Bwana wetu, Mzungu mpole mwenye kusahau kula, anatafuta hesabu itakayomwambia mapema hewa itafanya nini. Uwanjani tumesimamisha mlingoti wa chuma wenye vipimajoto chini, katikati na juu. Mimi na mwenzangu Yohana tunavisoma, tunawasha makopo ya moshi, tunautazama unakokwenda, naye anaandika. Miezi mingi hesabu yake na moshi wetu vilikubaliana. Siku hizo alikuwa akicheka peke yake.

Nyuma ya kilima, bondeni, ilikuwako kaya ya Maganga, Mnyamwezi mrina asali. Tulizoeana sana. Siku ya Idi aliniletea jogoo akiwa hai nimchinje mwenyewe, kwa kuwa alijua mimi Mwislamu. Siku ya kunyunyiza dawa ilipokaribia, Bwana alinituma kwake. Maganga akaniuliza, "Tuhame?"

Nikamwambia, "Hakuna haja. Moshi wetu haujavuka kilima hata mara moja."

Mkewe, Kabula, alikuwa mja mzito. Akanitazama, akasema, "Ungekuwa na mke hapa, ungemwacha akae?"

"Ningemwacha," nikasema. Na niliamini, dada. Sikuwadanganya.

Eropleni ikaja hewa imelala, kama tulivyotaka. Ikapita juu kidogo tu ya miti, ukungu wa dawa ukashuka vizuri, Bwana akanishika bega kwa furaha. Hatukujua kwamba haukuishia pale.

Maganga alitokea kambini jua limekwisha panda, amebeba mzinga. Akaumimina miguuni pangu: nyuki wakavu kama makapi ya mpunga. Hakupiga kelele.

"Kuku pia," akasema. "Na Kabula anatapika."

Tulikwenda mbio na Bwana. Nyumba nzima ilinuka mafuta ya taa, yale yanayochanganywa na dawa. Kabula macho yamevimba, hata kata ya maji hawezi kuishika. Tukampeleka kwa lori hospitali ya misheni. Yeye alipona. Mimba haikupona.

Tuliporudi, Bwana akafuata wadudu waliokufa njia nzima mpaka akagundua. Hewa ya alfajiri ikipata baridi huwa nzito, huteleza mteremkoni kama maji yatafutavyo mfereji. Kilimani pana pengo lililofunikwa na miti, nasi siku zote tuliwasha moshi uwanjani, mbali nalo. Ukungu ulipenya pengoni, ukajaa bondeni, ukakaa. Hesabu yake ilikuwa ya uwanda. Bonde halikuwamo.

Baadaye akasema huenda si dawa, wanawake hupoteza mimba hata pasipo na eropleni. Huenda. Mimi si tabibu. Lakini nilipokwenda kuwapa pole, Kabula aligeukia ukutani, na Maganga akaniambia, "Ungesema hujui, Mohamedi, ningehama."

Neno hilo nalala nalo, naamka nalo.

Haukupita muda Bwana akanitaka niende tena, niwaambie mara ya pili itakuwa salama, maana hesabu ameirekebisha. Nikamjibu, "Siendi, Bwana, mpaka tuwashe moshi pale pengoni." Yohana akanikanyaga mguu ninyamaze. Bwana akachukua kopo mwenyewe. Alfajiri iliyofuata Yohana alibaki pengoni kuwasha. Bwana, mimi na Maganga tukasimama mlangoni pa nyumba yake Maganga. Tukauona moshi unakuja, umeinama, hauna haraka, ukatupita miguuni ukaingia ndani bila hodi. Bwana akavua kofia. Aliwaandikia wakubwa wake kuomba kazi isimame. Jibu likaja kwamba iendelee, watu ndio wahamishwe.

Basi tumewahamisha. Nilibeba mizinga na Maganga kutwa. Jioni Kabula akanisukumia kinu chake nikibebe. Sijui kama ulikuwa msamaha au ni uzito wa kinu tu.

Sasa nijibu la kwako. Unasema wamekuja watu kupima pori la nyuma ya Makurunge, jirani na shamba la Baba, ili linyunyiziwe dawa kama hii, na wazee wanamtuliza Baba akae shambani kwake asihangaike, kwani mwanawe anaijua kazi hii. Dada, nakuomba, Baba asikae kwa ajili ya jina langu. Awaombe kwanza wawashe moshi alfajiri, kila upande wa shamba, auone kwa macho yake. Wakikataa, mchukue akae kwako, hata akinuna. Muhogo utamngoja. Na wakiuliza nani amemfundisha kudai hayo, asifiche. Aseme ni mimi.

Nisalimie shemeji, na shangazi mkaanga samaki, na mwalimu wetu wa chuo. Mwambie fimbo zake zimenifaa leo. Watoto wabusu wote, yule mdogo mara mbili.

Ndimi mdogo wako, mwenye kuhitaji dua zenu,

Mohamedi