Kijiwe cha Kijani cha Ilunga

Mama Ilunga, mwenzangu mpendwa,

Neema na ikulinde huko nyumbani. Hapa Likasi mvua imeangusha paa la kanisa, na waumini waliochoka kugombana walitaka kumkabidhi mwanetu Ilunga mamlaka yote, peke yake, maisha yake yote. Ndilo uliloliogopa uliponituma.

Jana waliniomba neno. Niliwaeleza jinsi Waisraeli, kwa hofu ya adui, walivyodai mfalme, naye akawanyang'anya watoto na mashamba. Na jinsi Waathene, walipokaribia kuuana wao kwa wao, walivyowaingiza hata maskini barazani. Mama Monga, mpishi wa kanisa, akanikatiza: "Papa, bale bantu ya zamani, banajua mvula ya Likasi? Tunataka muntu mumoja, tupumuzike." Watu wakacheka, nami pia.

Kisha wakapiga kura kama wafanyavyo wachimbaji wa hapa. Kila mmoja alipewa vijiwe viwili, cha kijani kwa mtu mmoja na cheupe kwa baraza, akatumbukiza kimoja ndooni nyuma ya pazia na kubaki na kingine. Ndoo ilipomwagwa, vyeupe vilikuwa vingi zaidi. Mama Monga akamwambia Ilunga, "Basi, kamata nyundo, upandishe mabati."

Mwanetu alinifuata nje, akafungua kiganja. Kile cha kijani bado kilikuwemo.

"Papa, upelekee mama hii."

Nimekifunga katika leso. Kaa kwa amani, mama, na Bwana akutunze hadi nitakapokiweka mkononi mwako.

Baba Ilunga