Mbao za Kabati la Mama

Tarehe 2 Machi

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje? Mimi mzima, ila tangu jana siwezi kutulia. Weka randa pembeni, uketi kwanza.

Baba, nimeingia! Zile tuzo za kila mwaka za watafiti bora wa saratani, mwaka huu tumebaki watatu, na mmoja ni mimi! Ni kwa ile kazi ya vipande vya Mama. Unakumbuka kule maabara ya hospitali alivyokuwa akigandisha vinyama vilivyotolewa kwa wagonjwa kwenye nta, kisha anavikata vyembamba kuliko karatasi? Bado vipo, maelfu. Nimevipima upya, nikaona alama ndogo kwa wale ambao saratani ya matiti iliwarudia. Alama hiyo ikionekana mapema, daktari anaweza kuuwahi ugonjwa.

Lakini nimekwama. Waamuzi wanataka uthibitisho kwamba vipande vilifika maabara kabla ugonjwa haujarudi, si baada. Wagonjwa wengi wenye alama ni wa mwaka ule niliovunjika mkono, na daftari la mapokezi la mwaka huo lililowa paa lilipovuja. Limekuwa uji. Nisipopata tarehe kabla ya tarehe 20, naondolewa.

Ndipo nikakumbuka kalenda ya jikoni. Mama alikuwa akirudi kazini, hata viatu hajavua, anaandika namba ya kwanza na ya mwisho ya vipande vya siku ile, asije akampoteza mtu. Je, zipo?

Mwanao,
Chiriku

Tarehe 6 Machi

Mwanangu Chiriku,

Marahaba, marahaba mara mia! Mgongo leo umenyamaza wenyewe. Barua yako nimeisoma nimesimama, sikuketi ingawa uliniagiza. Nimemsomea fundi viatu wa hapa jirani, akauliza, "Watatu dunia nzima?" Nikamjibu, "Sijui, lakini usinipunguzie."

Kalenda zipo, mama yako hakutupa hata moja. Tatizo ni mahali zilipo. Nilipomtengenezea kabati, alilalamika kwamba rafu zinakwaruza nguo zake. Nikatandika kalenda za zamani juu ya rafu, na kwa ujinga wa seremala nikazipaka gundi ya mbao, ile isiyoachia hata ukivuta na ng'ombe.

Na lile kabati, mwanangu, sijalifungua tangu tumzike. Harufu yake imo mle ndani. Ikitoka, sina nyingine. Nipe siku mbili tatu.

Wako,
Baba

Tarehe 9 Machi

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini umelala vizuri. Usilifungue. Tuzo ipo kila mwaka, harufu ya Mama haipo kila mwaka. Nitawaambia waamuzi sina ushahidi, yaishe. Usijitese kwa ajili yangu.

Mwanao

Tarehe 13 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Mimi sijambo, na umechelewa kunizuia! Nililifungua Jumapili asubuhi. Nilikaa mbele yake kama mgonjwa anayesubiri kuitwa. Nilipovuta mlango, gauni lake la kijani likaniangukia begani, nikasema, "Samahani, mama," kama mtu aliyeingia bila kubisha hodi. Nikacheka peke yangu. Nguo nimezipanga kitandani, upande wake. Chumba kizima sasa kinanukia sabuni yake, mimi nalala sebuleni nisiivuruge.

Nilijaribu kubandua, kona moja ikachanika, nikaogopa. Nikachukua bisibisi, nikang'oa rafu nzima nzima. Rafu tatu, kila moja karatasi nne: Januari mpaka Desemba ya mwaka wako wa mkono! Namba zinasomeka zote. Kuna siku moja ya Juni ameandika namba mbili, na chini yake maneno madogo: "Mtoto kavunjika mkono. Nimekata vipande vyote, sikukosea hata kimoja. Nimelia nyumbani."

Nimezifunga kwa blanketi, nikazipeleka stendi. Kondakta akaniuliza, "Mzee, unahama?" Nikamwambia, "Zinasafiri mbao tu. Zina kikao na madaktari." Akazilaza nyuma ya kiti chake mwenyewe. Na barua hii nimempa yeye, akufikishie kesho pamoja nazo. Usiziwekee kikombe cha chai juu.

Wako,
Baba

Tarehe 24 Machi

Baba, Baba, Baba!

Shikamoo! U hali gani? Mimi sili wala silali, lakini si ugonjwa!

Tarehe 17 nilibeba rafu mpaka ukumbi wa waamuzi pamoja na blanketi lake. Mlinzi akasema, "Dada, samani hupitia mlango wa nyuma." Waamuzi walitazamana. Kisha mkubwa wao, profesa mmoja mkavu asiyetabasamu, akavaa miwani, akainama juu ya karatasi ya Machi, akaanza kusoma namba kwa kidole. Tulilinganisha kwa saa nne, kipande kwa kipande. Baba, hakuna hata kimoja kilichopishana na kalenda, na vyote vilifika kabla ugonjwa haujarudi! Profesa akavua miwani, akauliza, "Huyu mama alikuwa na cheo gani?" Nikamjibu, "Alikuwa fundi wa maabara." Akaandika, akapigia mstari.

Nimebaki kwenye tuzo. Mshindi atatangazwa tarehe 18 Aprili, na redio itarusha moja kwa moja. Najua mgongo wako hauwezi safari ya siku nzima. Sikiliza tu.

Mwanao,
Chiriku

Tarehe 19 Aprili

Mwanangu, mshindi wangu,

Hujambo? Umekula? Najua hujala.

Tulijaa karakanani mpaka watu wakakalia magogo. Betri nilizibadilisha mara mbili kwa wasiwasi tu. Walipotaja jina lako, fundi viatu alirusha kiatu cha mteja juu, kikatua kwenye ndoo ya rangi. Hakujali, wala mimi sikujali.

Kisha wakakupa dakika mbili. Nilidhani utaeleza habari za alama. Ukasema mama yako alikata vipande elfu thelathini na moja na hakuna aliyewahi kumwita mtafiti. Ukaomba ukumbi usimame. Nilisikia viti vikisogea, vingi, kama mvua inaanza juu ya bati. Na sisi huku tukasimama. Mgongo haukuniuma. Nilisimama mpaka redio ikaingia kwenye matangazo ya biashara, jirani akanishika mkono akasema, "Mzee, wenzako wameshakaa."

Sasa utaitwa huku na huku, utaandikiwa na wakubwa. Waitikie wote, ni haki yako. Mimi huku nipo. Ukipata nafasi, mwanangu, unikumbuke.

Wako,
Baba