Vidole vya Baba Mkwe

Geita, Jumamosi, 1951

Bado nimekasirika. Maganga nimemsoma mwezi mzima: akiwa na karata mbovu hulamba midomo. Poka hii, mchezo wa karata waliotuletea askari waliorudi kutoka Burma, haina kikomo cha dau. Usipousoma uso wa mwenzako umekwisha.

Leo akaweka baiskeli yake. "Nawe weka lile dume," akasema.

Dume la ng'ombe la mahari! Na midomo alikuwa ameanza kuilamba, au nilidhani tu...

Papo hapo akaingia baba wa mchumba wangu, akaketi ubavuni mwa Maganga.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba."

Mkwe hatazamwi usoni. Nikainamisha macho, Maganga akanipotea, nikabaki na miguu tu. Mzee alikuwa anaziona karata za Maganga, na mara vidole vyake vya mguu vikajikunja kwa nguvu. Nikajua ananionya. Nikatupa karata zangu, tena nzuri, ndiyo kukubali kushindwa kabla ya kuliweka dume. Maganga akaondoka na baiskeli yake, anacheka.

Nilipomsindikiza mzee alikuwa anachechemea.

"Mguu huu, mkwe wangu, umenikaza tangu juzi," akasema. "Kwani pale mlikuwa mnacheza nini?"