Nguruwe Mweusi Hachinjwi

Ushirombo, Jumatano, Novemba 1979

Hapana, simtoi. Nimemwambia Baba Veronika mchana, nikarudia jioni, na bado amenuna kama mtoto aliyenyimwa nyama.

Homa imemaliza nguruwe wetu wote weupe, wale wa misheni, wanene, fahari ya kaya. Walikataa chakula, masikio yakawa mekundu, wakafa. Huyu jike mweusi wa kienyeji, mwenye pua ndefu na mgongo kama msumeno, alilala nao banda moja, akala nao pumba zilezile. Aliugua, akainuka.

Sasa mume wangu anataka tumchinje kabla naye hajafa, na mimba yake tumboni! Ndivyo wanavyofanya majirani wote. Wanamla aliyeishinda homa, halafu wanakwenda kununua weupe wengine wa kufa.

Nikamwonyesha mahindi ya mbegu tuliyoyatundika juu ya jiko, moshini. "Mwaka ule wa jua kali, haya ndiyo yaliyozaa. Mbona hatukuyala?"

"Mahindi si nguruwe, Mama Veronika."

"Na damu nayo ni mbegu."

Akaingia kulala.

Naogopa, sikatai. Pengine ni bahati tu. Pengine watoto wake hawatarithi kitu. Hata bwana mifugo alisema hajui, ila nimtenge, nisimchanganye na wa majirani. Nitamtenga. Nitangoja azae, nione kwa macho yangu.

Baba Veronika anakoroma. Asubuhi atakitafuta kisu chake cha kuchinjia. Akitafute. Nimekilalia.