Wageni Ishirini na Tatu wa Mwezi wa Tano

Jumatatu, 3 Julai 1995

Shuka kumi na mbili ziko kwenye kamba tangu saa mbili. Upepo wa ziwani ni mzuri, zitakauka mapema. Chumba namba mbili kimebaki na harufu ya sangara. Mnunuzi wa samaki wa juzi alilala na magunia yake humo ndani. Nimemwaga maji na sabuni ya unga mara tatu. Bado.

Nimefunga mwezi wa sita kwenye kitabu cha wageni. Jina, kabila, anakotoka, anakokwenda, kazi, chumba, siku. Hakuna mstari ulioachwa wazi. Fomu ya ushuru wa gesti nimeijaza kwa kalamu ya bluu, nakala mbili. Jirani yangu wa gesti ya kijani hunicheka. Yeye hulipa ushuru anapofuatwa. Mimi hupeleka mwenyewe kabla ya tarehe tano. Nilikuwa karani wa ghala la pamba miaka ishirini na moja. Walipotupunguza kazi nikajenga vyumba hivi sita kwa kiinua mgongo, na ndivyo vinavyotulisha. Siwezi kuanza uzembe uzeeni.

Leseni inaisha mwezi huu. Watakuja kukagua. Sina wasiwasi.

Jumanne, 4 Julai

Kijana wa ofisi ya mapato amekuja saa nne. Shati jeupe, baiskeli, mkoba. Ameniamkia vizuri, amekubali soda. Amesema hajawahi kuona kitabu cha wageni chenye mwandiko kama huu. Nikafurahi kama mjinga.

Halafu akafika mwezi wa tano. Akahesabu mistari kwa ncha ya kalamu. Akaangalia risiti yangu ya mwezi huo. Akahesabu tena.

Wageni ishirini na tatu, siku saba, hawakulipiwa ushuru.

Nikamweleza. Mama yangu alifariki mwezi huo. Ndugu walikuja kutoka Magu na Misungwi. Niliwapa vyumba vyote, na waliokosa vitanda walilala kwenye mikeka koridoni. Hakuna aliyetoa hata senti ya chumba. Nani anamtoza shangazi yake aliyekuja kulia?

Kijana akaniuliza, "Sasa mzee, kama hawakulipa, uliwaandika wa nini?"

 Jibu nimelipata sasa, lakini linanitia aibu. Siku ile kila mtu alikuwa na kazi ila mimi. Wanawake walipika, vijana walipasua kuni. Sikujua mikono yangu niiweke wapi. Nikakaa mlangoni na kitabu. Juu kimeandikwa Kitabu cha Wageni, na wale walikuwa wageni. Kila aliyeingia nikamwandika. Kwenye safu ya kazi nikaweka undugu: shangazi, mjomba, shemeji, binamu.

Hapo ndipo kijana alipocheka. Akasema gesti zote za mji huu zimejaa mashemeji na mabinamu. Mwanamume akija na mwanamke asiye wake, humwandika hivyo. Ameyasoma hayo tangu alipoajiriwa. "Mgeni ni mgeni, mzee. Umemwandika mwenyewe."

Nimepewa mpaka Jumanne ijayo. Nilipe ushuru wote pamoja na faini, au leseni isitoke na vyumba vyote sita vifungwe kwa kufuli la ofisi. Hiyo pesa sina. Nimeogopa, niseme ukweli. Nimeogopa sana.

Jumatano, 5 Julai

Jirani amesikia. Sijui nani kamwambia, labda upepo. Amekuja na mswaki mdomoni.

"Karani, umezidi ukarani," akasema. Yeye ana vitabu viwili, kimoja cha kwake na kimoja cha wakaguzi. Cha wakaguzi kina wageni wachache na wote wamelipiwa ushuru. Akanishauri nimtafutie kijana chai, naye yuko tayari kuipeleka. Nimekataa. Si kwamba mimi ni mtakatifu. Ningetoa, na kijana angeandika hilo nalo.

Chakula hakipiti. Mama Kulwa, mke wangu, ameniwekea uji.

Alhamisi, 6 Julai

Nimekwenda ofisini kwao. Nimekaa kwenye benchi kuanzia saa tatu hadi saa saba. Mkuu wa mapato yuko kwenye semina. Kesho ni Sabasaba, ofisi zimefungwa. Nirudi Jumatatu.

Niliporudi nyumbani nikakuta wanunuzi wawili wa pamba wanafunga mizigo. Wamesikia gesti inafungwa. Wamehamia kwa jirani. Nimewaandika tarehe ya kuondoka kama kawaida. Mkono umezoea tu.

Ijumaa, 7 Julai. Sabasaba

Watu wote wamekwenda kwenye maonyesho. Nimebaki peke yangu na kitabu na wembe.

Nataka niyaandike haya kwa sababu hakuna mwingine nitakayemwambia. Nilifungua ule ukurasa wa msiba. Nikaweka wembe karibu na uzi. Ningeukata vizuri hata mshonaji asijue. Kisha nikaona namba pale juu, na muhuri wa ofisi. Kurasa zote zina namba na muhuri. Mimi mwenyewe ndiye niliyekipeleka kitabu kikagongwe, na nilisubiri saa mbili nzima mpaka wa mwisho ukagongwa.

Nilicheka. Kisha nikajichukia. Nilitaka kuwafuta watu waliomzika mama yangu, na kilichonizuia si heshima, ni muhuri.

Mama Kulwa aliingia akaona wembe mezani. Nikamwambia nakata kucha. Akatazama mikono yangu, akaenda zake jikoni.

Jumamosi, 8 Julai

Asubuhi, nikijaza maji kwenye mapipa, nimepata wazo. Daftari la rambirambi! Mama Kulwa ndiye aliyeliandika siku zile saba. Fulani wa Misungwi, mchele debe moja. Fulani wa Magu, kuku wawili. Majina ni yale yale. Mpangaji wa chumba haji na kuku wa rambirambi. Nikilinganisha kitabu na daftari, jina kwa jina, nani atanibishia? Nimekimbia na ndoo mkononi kumwambia.

Amekataa.

Amesema daftari la msiba ni siri ya nyumba. Aliyetoa kidogo alitoa kidogo, na si kazi ya watu wa ofisi kusoma umaskini wa wakwe zake. Nikamkumbusha kufuli. Akasema analijua kufuli. Tumegombana mpaka mgeni wa namba tano akafunga dirisha lake.

Kisha akasema kilichomkera. "Na Masanja je?"

Masanja ni mdogo wangu, analima mpunga Magu. Katika wote ishirini na tatu ni yeye peke yake asiyemo kwenye daftari. Alilala siku saba, alikula siku saba, hakutoa hata kilo ya chumvi. Mtoto wa kuzaliwa wa marehemu. Sijazungumza naye tangu matanga yalipoanuliwa. Wala sitaki. Nikamwambia mke wangu kwamba aibu ya Masanja ni ya Masanja.

Daftari liko kwenye sanduku la bati, chini ya kanga zake. Ufunguo uko shingoni kwake.

Jumapili, 9 Julai

Kanisani. Nimesali vibaya. Nilikuwa nahesabu vichwa vya waumini safu kwa safu.

Wageni wawili tu leo.

Jumatatu, 10 Julai

Nikiwa kwenye benchi la ofisi, saa tatu na nusu, nimemwona Mama Kulwa anaingia getini. Amevaa gauni la kanisani. Amefunga kitu ndani ya kanga. Hakunitazama. Amekaa kando yangu akasema, "Nitasoma mimi. Wewe usiguse."

Mkuu wa mapato ni mtu mzima, nywele zimeingia mvi. Tumeamkiana kwa heshima. Kijana wake yupo, nimemkabidhi kitabu changu. Nimeeleza kifupi. Mama Kulwa amefungua kanga.

Kijana akasoma jina kutoka kitabuni. Mke wangu akalitafuta, akasoma alichotoa. Shangazi, mchele na kitenge. Binamu wa Misungwi, mbuzi mmoja. Shemeji, sukari kilo mbili. Kijana akakata mstari kwa kalamu nyekundu. Jina la pili. La tatu. Kufikia la kumi kijana hakuwa anacheka tena. Kwenye jina la bibi mmoja wa Magu, Mama Kulwa alisoma, "Mayai manne, amekuja nayo kwa miguu," na mkuu akavua miwani akaifuta.

Ishirini na mbili wamekatwa. Likabaki la Masanja.

Mke wangu alifunga daftari. Akasema huyo ni mdogo wa mumewe, mtoto wa marehemu. Mkuu akasema basi, inatosha, kata na huyo.

Na mimi nikafungua mdomo. Sijui ni shetani gani. Nikasema, "Huyo hayumo. Aliyetoa kitu ni mfiwa mwenzetu. Asiyetoa ni mpangaji. Mwandikie."

 Mkuu akaniuliza kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Nimelipa ushuru wa mtu mmoja, siku saba, bila faini. Ni pesa ya sabuni tu. Risiti imeandikwa kwa jina la gesti, na kwenye maelezo kijana ameandika: Masanja, Magu.

Nilitoka nimeshiba. Nusu ya furaha yangu ilikuwa leseni. Nusu nyingine ilikuwa risiti ile.

Jumanne, 11 Julai

LESENI IMETOKA. Kijana ameileta mwenyewe kwa baiskeli. Mwaka mzima. Nimeitundika ukutani juu ya meza, nikaishusha, nikaisoma tena, nikaitundika. Nimekula ugali wote na samaki wote. Nimelala usingizi wa mchana, mara ya kwanza tangu wiki iliyopita. Wanunuzi wa pamba wamerudi; kwa jirani kuna kunguni. Mungu anisamehe, nimefurahi na hilo pia.

Kijana amenipa na ushauri. Wageni wa nyumbani wasiingie kwenye kitabu. Mgeni wa kitabu ni anayelipa. Rahisi hivyo, na mimi sikujua kwa miaka miwili.

Ila Mama Kulwa hanisemeshi. Tangu jana ananipa chakula na kuondoka. Jioni nimemuuliza kuna nini, mbona tumeshinda. Akaendelea kukunja shuka mpaka akazimaliza. Kisha akasema:

"Kaburi la mama lilichimbwa na nani?"

Masanja. Yeye na vijana wawili, na wale vijana walichoka mapema. Udongo ule una mawe. Alichimba tangu alfajiri mpaka saa sita. Nilimpelekea maji mimi mwenyewe.

"Daftari langu lina mchele na kuku," akasema. "Halina mahali pa jembe. Ndiyo maana sikutaka wasome. Umemtoa ndugu yako msibani mbele ya watu, kwa pesa ya sabuni."

 

Jumatano, 12 Julai

Nimemwandikia Masanja barua. Nimeichana. Nimeandika nyingine fupi zaidi: njoo, nina neno. Nimempa kondakta wa basi la Magu.

Maji yamekatika. Vyumba vinne vina watu.

Ijumaa, 14 Julai

Hakuna jibu. Ni haki yake.

Jumamosi, 15 Julai

Amekuja na basi la asubuhi. Amekonda. Amebeba mfuko wa mchele mpya, ameuweka jikoni bila kuutaja. Mama Kulwa amempokea kwa shangwe, mimi amenitupia jicho moja tu.

Tumekaa barazani. Nimeshindwa kuzunguka, nimemwambia yote kama yalivyokuwa. Kitabu, kijana, daftari, mkuu aliyesema kata na huyo, na mimi niliyesema mwandikie. Nimempa risiti aisome. Nimemwambia nilikosa na ninaomba radhi. Neno hilo sikumbuki kama nimewahi kumwambia katika maisha yetu. Mimi ndiye mkubwa.

Amesoma polepole, kama anavyosoma kila kitu. Akasema mwezi ule mpunga ulikuwa bado shambani, na hata nauli ya kuja msibani aliikopa. Hakutaka kusema, maana watu wangeacha kumlilia mama wakaanza kumhurumia yeye. Basi akatafuta jembe. Amelisema hilo kama anaelezea habari ya mvua.

Kisha akaitazama risiti tena. Mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, na akacheka mpaka akakohoa.

"Kwa hiyo kaka," akasema, "siku saba zote nimelipiwa?"

"Zote."

"Na nililala koridoni kwenye mkeka, miguu ya shangazi iko usoni." Akaikunja risiti akaitia mfuko wa shati. "Basi nataka chumba changu."

Nimempa namba nne, chenye dirisha la upande wa ziwa. Mama Kulwa ametandika shuka mpya, zile ambazo hatujawahi kumpa mgeni yeyote. Sasa ni saa tisa mchana. Masanja anakoroma, mlango kauacha wazi, kama tulivyolala siku zote kwa mama. Nimevuta kiti nimekaa hapa nje, nawaambia wapita njia wapunguze sauti.