Mama Mkwe Aulizwe Kwanza

Mikumi,
Jumapili jioni

Mama yangu,

Shikamoo. Natumaini baridi ya Makete haijakuzidi na goti limepunguza kusumbua. Mimi ni mzima. Huku nalala bila blanketi, najua utacheka.

Uliniuliza kwenye simu kama kazi bado ipo, mtandao ukakata. Nimefungua shajara yangu nikueleze kwa mpangilio.

Unajua utafiti wetu wa uzazi unalipiwa na wafadhili wa nje. Wiki hii walimtuma mtathmini, mama wa makamo aitwaye Ingrid, anayejua Kiswahili, aone kama fedha zao zina faida. Asiporidhika, awamu ya pili haipo, nami narudi nyumbani.

Jumanne nilipanda naye Vidunda, milimani. Masharti yetu yanataka mwanamke ahojiwe faraghani, lakini kule mke kijana hawezi kujitenga na mgeni wakati mama mkwe yupo uani. Mara ya kwanza niliomba faragha moja kwa moja, nikafukuzwa: "Una siri gani na mke wa mwanangu?" Tangu hapo tunamhoji mama mkwe kwanza, ingawa umri wake haumo kwenye sampuli na majibu yake hayaingii popote.

Siku hiyo pia nilianza na mama mkwe, Ingrid akatazama saa. "Rehema, mbona unamhoji mtu asiyehitajika?"

Nikamwomba avumilie kidogo.

Mama mkwe mwenyewe, Mama Agata, alikuwa anapukuchua mahindi. Akanitajia watoto wake mmoja mmoja, pamoja na wawili waliofariki wakiwa wachanga. Kisha akamgeukia Ingrid.

"Na wewe mama, umekaa tu kama hakimu. Umezaa wangapi?"

Nikajua kazi imeisha.

"Mmoja," akasema Ingrid. "Kulikuwa na mwingine. Hakumaliza wiki."

"Pole, mwanangu. Basi ni wawili. Usimwache." Akamsogezea ungo. "Pukuchua, mikono isikae bure."

Halafu akamwita mkwewe. "Nenda na huyu dada kule nyuma, ukaulizwe kama nilivyoulizwa mimi." Mwanawe, mume wa binti yule, alikuwa anazubaa mlangoni. "Na wewe unasubiri nini? Kachote maji, haya hayakuhusu!"

Mama, yule binti alieleza mambo ambayo asingeyasema mbele ya mtu. Tuliporudi, Ingrid alikuwa bado anapukuchua, na Mama Agata anamcheka kwamba anabembeleza gunzi.

Ijumaa tukakutana Kilosa kusikia tathmini. Ingrid amependekeza utafiti uendelee, na muda wa kukaa na mama wakwe uhesabiwe kuwa kazi. Wafadhili wenyewe hawajajibu, ila msimamizi wetu ametuambia tusifunge mizigo.

Nisalimie kaka Elia na mkewe, na shangazi wa sokoni, mwambie kitenge chake kipo. Babu umpe shikamoo yangu kwa sauti kubwa, asiseme hakusikia.

Jambo moja la mwisho. Kati ya kaka Elia na mimi kuna nafasi ya miaka mingi. Nimezunguka nikiwauliza mama za watu, na wewe sijawahi kukuuliza. Nikija Krismasi, ukipenda, tukae jikoni wawili tu. Sitabeba dodoso. Nitapukuchua mahindi, nawe utanitajia wote.

Ni mimi binti yako,
Rehema