Kaye ya Walimu Wawili

Goma, mtaa wa Mapendo

Papa mpendwa,

Pokea salamu za binti yako ambaye hajakonda wala hajasahau nyumbani. Goti lako linasemaje? Mama naye, moshi wa kukausha samaki bado unamtoa machozi? Na yule kiboko anayekula mboga zake, hajapata mtu wa kumwambia atafute shamba lake mwenyewe? Mimi ni mzima. Nina kikohozi cha vumbi tu, na hicho Goma nzima tunacho.

Simu ingeharibu habari hii, ndiyo maana nimeandika. Unajua shule yetu ilipokea watoto wa shule nyingine, madarasa yakajaa. Direkta akaniletea mwalimu wa pili katika darasa langu la tatu: Innocent, kijana wa Masisi, mpole, ndevu zake unaweza kuzihesabu. Mimi na miaka yangu sita ya chaki! Nilinuna. Direkta akatupa kaye moja, daftari la kawaida tu, akasema, "Kila siku kisha kumaliza masomo, kila mutu aandike: nilitaka nini, nini ilitokea, kesho nitabadilisha nini. Na mwenzake asome."

Mimi niliandika kila siku: "Somo limekwenda vizuri sana." Innocent aliandika makosa yake: leo nimesema mno, watoto wamesema kidogo, leo nimemsahau mtoto wa dirishani. Nilimcheka moyoni, nikasema huyu anajichongea mwenyewe.

Sasa sikiliza. Unaikumbuka njia yako ya kufundisha huko Vitshumbi, ile niliyoirithi? Mwalimu anasema nusu ya neno, darasa zima linamalizia. Ulifundisha hivyo hadi wavuvi wakawa wanakumalizia maneno huko kwenye mitumbwi. Darasa langu nalo liliitikia hivyo hivyo, mabati yanatetemeka, na mimi najiona malkia. Siku moja Innocent akaandika chini ya sifa zangu: "Madamu, Ushindi anafungua mdomo nyuma kidogo ya wenzake. Kila mara."

Nilikasirika, Papa. Siku mbili sikumpa hata salamu ya maana. Siku ya tatu nikamwita Ushindi, msichana wa benchi la mbele anayeimba majibu kuliko wote, ili nimwaibishe Innocent. Nikamwonyesha sentensi ile ile tuliyoisoma asubuhi.

"Soma, mama."

Akasugua meza kwa kidole.

"Madamu, peke yangu sijue. Nikiwa na wenzangu njo najua."

Nilikaa chini. Mwaka mzima mtoto huyu alikuwa amejificha ndani ya sauti za wenzake, na aliyemjengea maficho ni mimi. Siku hiyo niliandika ukweli kwa mara ya kwanza: "Nimefundisha kwaya. Sijui nani anajua kusoma." Mficha maradhi, kifo humuumbua. Innocent hakunicheka. Alijibu chini yake: "Tuanze kesho. Weye unauliza, miye naangalia nyuso."

Tukaanza. Nauliza, nanyamaza, mtoto mmoja anajibu. Ukimya ule ulinitesa! Mdomo uliniwasha kuwasaidia. Tukagundua wengine waliojificha kama Ushindi, tukawasomesha pembeni kwa zamu. Mimi nami nikamwandikia Innocent kwamba anaongea na ubao huku watoto wako mgongoni mwake. Akageuka, na sasa sauti yake inafika benchi la mwisho. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Jumatatu iliyopita Ushindi alisimama mbele ya wote akasoma peke yake. Neno moja lilimkwama. Darasa likafungua midomo kummalizia, naye akainua mkono: "Muniache! Nitasema mwenyewe." Akalisema. Papa, nililia mbele ya watoto na sioni haya. Najivunia mtoto yule, najivunia Innocent, na najivunia mimi mwenyewe. Direkta ametuomba tuwaonyeshe walimu wengine kaye yetu, hata kurasa zangu za uongo. Nimekubali.

Niliogopa kukuandikia haya. Ualimu wangu wote nimeutoa kwako, na sikutaka udhani nimeitupa njia yako. Sijaitupa. Watoto bado wanaitikia pamoja, lakini baada ya kila mmoja kusema lake.

Msalimie Mama. Mwambie dada Riziki, fundi wetu wa kuuza samaki, kwamba kitenge chake nimekipata. Mjomba katekista aendelee kuniombea, ila asiniombee mume kila Jumapili, Mungu amesikia.

Wewe nakuachia nusu ya sentensi, kama ulivyotuachia sisi: mwalimu mzuri ni yule ana...

Maliza, Papa. Lakini usimwulize Mama, wala wavuvi. Safari hii nanyamaza, nangoja sauti yako peke yake.

Binti yako, na mwalimu mwenzako,
Esperansi